Mkongojo wa Kushoto

Mstari ulianzia kwenye kona ya tatu ya mlima. Ulikuwa mweupe juu ya lami, mwembamba, umenyooka, kama wa mtu aliyekwaruza meza kwa msumari. Nilipunguza mwendo wa pikipiki. Baba mkwe wangu, aliyekaa nyuma yangu amenishika kiunoni kwa mikono yote miwili, alichungulia juu ya bega langu. Mstari ulikwenda hatua kama kumi, ukaishia kwenye shimo. Shimo jipya, lami imefukuliwa kama kwa jembe. Kuanzia hapo alama za matairi zilipinda kuelekea ukingoni, upande wa bonde.

Nilizima pikipiki. Injini iliponyamaza ndipo nikasikia meno yangu yanagongana.

Ni miaka tisa sasa. Mimi si mtu wa maneno. Shule niliacha darasa la tano, nikaingia chini ya magari na sijatoka. Lakini siku ile naijua saa kwa saa.

Mke wangu ndiye dereva. Watu wakisikia hivyo hudhani nimeteleza ulimi. Lori ni letu sote wawili, mimi nalitengeneza, yeye analiendesha, kwa sababu mimi nikishika usukani masikio yanabaki kwenye injini na macho yanasahau njia. Alikuwa anabeba mawe kutoka machimboni kupeleka ng'ambo ya mlima, walikokuwa wanajenga. Na kila akipanda na mzigo, lori lilikuwa linarukaruka nyuma.

"Fundi," aliniambia siku moja akishuka, "gari lako linapanda mlima kama mbuzi anayevutwa kamba. Leo nimegonga kichwa kwenye paa mara tatu. Utalitibu, au nitafute daktari mwingine?"

Ugonjwa niliujua. Lori likivuta mzigo mzito mlimani, ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, hutaka kujizungusha yenyewe. Springi zinajipinda, zinazidiwa, zinaachia ghafla, na matairi yanaruka. Dawa yake ni vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, vinavyotoka kwenye ekseli kwenda mbele na kushikwa kwenye chasisi, ili ekseli isipate nafasi ya kujipinda. Nilivitengeneza mwenyewe nyumbani, uani kwetu, kwa mabomba mazito niliyoyatoa kwenye gari bovu. Mke wangu alipoviona vimeegemea ukuta alicheka mpaka akakaa chini.

"Masikini. Kumbe limezeeka mpaka linapewa mikongojo."

Jina likabaki hilo.

Wiki hiyo baba yake alikuwa kwetu. Alikuwa fundi rangi wa majumba, miaka arobaini juu ya ngazi, mtu asiyeweza kupita karibu na ukuta bila kuupapasa. Tulimwita aje apumzike. Akaja na brashi zake, akatangaza kwamba mlango wa chumba chetu unamtia aibu, akaung'oa, akaulaza juu ya mapipa mawili uani na kuanza kuupiga msasa. Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana sana, maana yake hatukuwa tunazungumza. Mkwe ni mkwe. Akiingia nasimama, akisema naitikia, akinyamaza nashukuru.

Jumamosi asubuhi niliinua lori kwa jeki, nikaweka magogo chini ya chasisi, nikachomoa waya wa betri, nikaingia chini. Kwenye ekseli mikongojo niliifunga kwa boliti. Kwa mbele, kwenye chasisi, ilibidi vishikio vichomelewe. Cha kulia nilikichomelea mzunguko mzima, mshono mnene, wa kuringia. Cha kushoto nikakishikiza kwanza kwa nukta tatu, kila nukta kama punje ya hindi, ili nipime kama mkongojo umekaa sawa. Ulikaa sawa. Nilipoinua fimbo ya kuchomelea nianze mshono, umeme ukakatika.

Nikatoka, nikanawa. Simu ikalia, mteja amekwama njiani, breki hazishiki. Nikaenda. Hizo breki zilinila mchana wote.

Niliporudi jua lilikuwa bado juu ya mapaa, umeme umesharudi, na mzee alikuwa anasuuza brashi kwa mafuta ya taa.

"Nimekupakia rangi vyuma vyako," alisema bila kunitazama. "Visije vikaliwa na kutu."

Nikainama, nikachungulia. Kila kitu kilikuwa cheusi kinang'aa, na pale vishikio vilipokutana na chasisi palikuwa laini kama mdomo wa chungu. Sijawahi kuiona kazi yangu nzuri vile. Nikafurahi. Na ndani ya furaha ile kitu kidogo kikanigusa, kama mbu anapotua kabla hajauma. Cha kushoto nilikimaliza?

Mke wangu alitoka jikoni anafuta mikono. "Umemaliza, fundi?"

Baba yake alikuwa pale pale, brashi inadondosha mafuta. Ningeweza kusema ngoja niangalie. Ilikuwa kazi ya kulala chini na kugonga nyundo mara mbili, dakika moja. Lakini mgongo ulikuwa unaniuma, na mbele ya mkwe mtu hutaka kuonekana mtu.

"Nimemaliza," nikasema. "Sasa hata ukiubeba mlima wenyewe, haliruki."

Jumapili tulilizungusha mtaani likiwa tupu. Lilitulia kama limepigwa sindano. Yule mbu akaruka akaenda zake.

Jumatatu mke wangu aliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja na nusu mimi nilikuwa uani nakunywa chai, mzee anapaka mlango wake rangi ya kwanza, ile nyeupe ya chini. Alipaka taratibu, akirudi nyuma hatua moja kila mara kutazama. Na siku hiyo, sijui kwa nini, akataka mazungumzo.

"Kile cha kushoto kilinisumbua," akasema.

"Kipi, Baba?"

"Chuma chako cha kushoto. Kilikuwa na ufa pembeni, unaingia ukucha. Nikaujaza puti, ikakauka, nikapiga msasa, ndipo nikapaka. Si mnasema usipoziba ufa utajenga ukuta?" Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeficha zawadi siku mbili na sasa anaitoa. "Kazi ya mkwe wangu haiwezi kwenda barabarani na ufa."

Nilikiweka kikombe chini. Nakumbuka nilikiweka polepole, katikati ya sahani yake, kana kwamba nikimwaga tone moja tu ndipo lile jambo litatokea.

Puti ni ule unga unaokandwa kama donge wa kuzibia kuta. Ukikauka ni chaki. Unavunjika kama chaki. Chini ya chaki ile palikuwa na nukta tatu. Kwa lori tupu nukta tatu zinatosha. Kwa lori lenye mawe, mlimani, gia ya kwanza, zitakatika moja baada ya nyingine kama vifungo vya shati. Zikikatika, mkongojo unaanguka ncha ya mbele. Lori linakwenda mbele, na chini yake kuna mkuki unaotazama mbele. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kuona lori lililoangusha propela, kile chuma kirefu cha kuzungusha magurudumu, namna hiyo. Lilijiinua juu ya chuma chake lenyewe, likapinduka. Dereva tulimtoa kwa kukata mlango.

Nikapiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena, na tena, mara kumi na moja. Simu yake huwa ndani ya kikapu cha chakula, chini ya kiti, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza kupokea akiwa kwenye usukani. Sheria ilikuwa yangu. Alikuwa ananitii.

Jirani alinipa pikipiki yake bila kuuliza, nadhani kwa vile alivyouona uso wangu. Mzee alinifuata mpaka njiani, rangi nyeupe mikononi.

"Baki tu, Baba."

"Yule alikuwa mwanangu kabla hajawa mkeo," akasema, akapanda nyuma.

Njiani nilimwambia, nikipaza sauti kwa sababu ya upepo, kwamba ule haukuwa ufa, kwamba pale palikuwa hapajachomelewa. Mikono yake ikanibana kiunoni. Hatukuwahi kushikana hata mkono zaidi ya salamu, na sasa nilikuwa nahisi moyo wake unapiga mgongoni mwangu, haraka, kama wa ndege.

Machimboni wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya mawe wanajifuta jasho.

"Dereva? Ametoka sasa hivi, vumbi lake hili hapa," alisema mmoja. "Leo tumemjazia hasa. Amesema gari lina mikongojo, tusilionee huruma."

Wenzake wakacheka. Niligeuza pikipiki kabla hawajamaliza.

Kona ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu, na mimi mjinga nikaanza kumshukuru Mungu. Kona ya tatu, mstari.

Mawe yalikuwa yametawanyika barabarani, mengine makubwa kama kichwa cha mtu. Alama za matairi zilifika ukingoni kabisa, na ukingo ulikuwa umemeguka, udongo mbichi, mwekundu. Mzee alishuka. Alitembea hadi pale kwenye udongo, mtu wa miaka sabini na tatu, magoti mabovu, akasimama ncha ya ukingo, akatazama chini.

Mimi sikwenda. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilibaki nimeishika pikipiki kwa mikono miwili kana kwamba itakimbia. Nilitazama kisogo chake, nikawa nasubiri kisogo kiniambie. Upepo ulikuwa unapepea shati lake. Sijui ni muda gani. Nilihesabu mawe. Nilifika kumi na nne.

"Hakuna gari huku," akasema.

Tulimkuta baada ya kona, pale barabara inapokuwa tambarare. Lori limeegeshwa vizuri kabisa, mawe nyuma ya matairi, mkongojo wa kushoto unaning'inia nyuma umepinda kama mkia. Mke wangu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi, mdomo umepasuka na damu imeingia kwenye kola. Alikuwa anajaribu kufungua chupa ya maji.

"Kilichimba chini," alisema, "gari likanyanyuka. Likanitupa ukingoni. Nikasema nikikanyaga breki hapa ndio basi. Nikaongeza mafuta." Akainua chupa, akaitazama, akairudisha. "Nikaongeza tu mafuta."

Nilimfungulia ile chupa.

Pajani kwake palikuwa na kishikio. Alikuwa amekiokota barabarani. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka, na chini yake puti nyeupe imepasuka vipandevipande. Alikuwa anaing'oa kwa ukucha, kipande baada ya kipande, mpaka zikabaki zile nukta tatu zilizokatika. Alizipapasa kwa kidole gumba. Mwanamke aliyeolewa na fundi wa kuchomelea kwa miaka kumi na minne anaijua nukta.

"Baba," akasema, "hii puti ni yako."

"Ni yangu," alisema mzee. Alikuwa amesimama juani, mikono imening'inia, rangi ya mlango imemkaukia kwenye vidole. "Mimi ndiye niliyefunika. Mwenyewe hakuwepo. Ni mimi, mwanangu."

Sasa hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Mke wangu aliinua macho akanitazama, si kwa ukali, alinitazama tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nilifungua kinywa.

"La muhimu u mzima," nikasema.

Akainamisha macho.

Mzee aliondoka kesho yake na basi la kwanza. Brashi aliziacha. Mlango aliuacha juu ya mapipa, nusu mweupe, nusu mti. Niliurudisha mwenyewe kwenye bawaba zake, na ndivyo ulivyo hadi leo, hakuna aliyeugusa. Nilisikia kwa shemeji yangu kwamba alikataa kazi mbili alizoitiwa, akasema macho yake si ya kuaminika tena. Macho yake yalikuwa mazuri. Yaliona ufa ambao mimi sikulala chini kuutafuta. Mara nyingi nilipanga kumwendea. Nilipanga vizuri sana. Miaka sita nilipanga, mpaka siku tuliyomzika.

Mikongojo niliitengeneza upya, mshono mzunguko mzima, kushoto na kulia. Lakini tangu siku ile mke wangu haondoki kabla hajaingia chini mwenyewe na nyundo. Anagonga kila kiungo, anasikiliza. Mshono uliokamilika unalia sauti moja, ndefu. Mimi husimama pembeni na kusubiri.

Asubuhi moja mwaka jana alikuwa chini hivyo, miguu tu ndiyo inayoonekana, na nyundo ikanyamaza katikati. Sijui kwa nini asubuhi hiyo na si nyingine. Nikaiambia ile miguu.

"Uliponiuliza kama nimemaliza, nilikuwa na shaka. Nilijibu tu. Baba yako alibeba kisicho chake."

Nilisikia anapumua.

"Mimi nilijua palepale barabarani," akasema. "Yeye ndiye ungemwambia."

Halafu mkono wake ukatoka chini ya lori, kiganja wazi, umejaa grisi.

"Nipe tochi. Huku kushoto sioni vizuri."

Nikampa. Nyundo ikaanza tena.