Glasi ya Chini

Qiu Manling aliomba jambo moja tu: Mzee Tao, mwenye maghorofa jijini Chengdu, amruhusu kutundika televisheni za matangazo ndani ya lifti zake. Kama angekataa, kampuni changa ya Manling ingefungwa.

Mezani kwa mzee, walipoinua glasi kugonganisha, Manling aliishusha yake chini ya ile ya mzee, kwa heshima, kama desturi yao. Mzee naye akashusha zaidi.

"Mjomba, unanitia aibu," Manling akasema, akimwita hivyo kwa adabu.

"Wewe ni mgeni wangu, binti."

Wakashindana kushuka mpaka wakajikuta wamepiga magoti chini ya meza, glasi zimegusa sakafu.

"Inuka basi," mzee akasema.

"Siwezi kuinuka kabla yako, Mjomba. Nitalala hapa hapa."

Mzee akapapasa magoti yake yaliyokufa ganzi, akacheka.

"Haya, katundike televisheni zako. Sasa niinue."