Fundi Amuri na Bakuli Lake

Mwaka wa uhuru, watu wa mtaa wa Kabondo walipokuwa wakila na kucheza kana kwamba kesho haipo, fundi cherehani Amuri alikuwa akijifunza kukaa na njaa. Wenzake walimcheka hadi wakachoka. Lakini kaka yake, Juma, alikuwa amekufa na mwili wa kujaza mlango, miguu imevimba, sukari imempofusha macho yote mawili. Daktari aliyemtibu Juma alimtazama Amuri tumboni, akasema bila kuficha: anayefuata ni wewe. Ule nusu ya unachokula, utembee kila asubuhi, la sivyo watoto wako utawaacha wadogo.

Basi Amuri akanunua bakuli dogo la bati. Kilichoingia humo ndicho kilichokuwa chakula chake, kikiisha kimeisha. Asubuhi alitembea hadi Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege, akageuka na jasho lake. Mwili ukapungua, suruali akazibana kwa mkono wake mwenyewe, akaacha moja tu ya kumkumbusha alikotoka.

Tatizo likawa ndugu. Katika familia za Kiislamu za mji ule wanaume hula sinia moja, mkono kwa mkono, na anayejitenga na chombo chake ni kama amewatemea wenzake mate. Ndugu walinuna. Aliyesemwa zaidi ni mkewe, Sikujua: mume amekonda hivi, mwanamke huyu anampa nini? Sikujua alilia, akazoea, mwisho akawa mkali kuliko daktari. Yeye ndiye aliyepakua, na hakuongeza hata punje.

Kupungua kulimchukua Amuri mwaka mmoja tu. Kubaki amepungua kulimchukua kila siku ya maisha yake. Kila adhuhuri, harufu ya mosaka, ule mchuzi mzito wa chikichi, ilipotoka jikoni, alishika ukingo wa meza ya cherehani akasubiri ipite. Wanaosema mtu huzoea, hao hawajawahi kuwa wanene.

Kisha, mwaka 1964, waasi wakauteka mji. Barabarani kukawa na vizuizi, na mtu anayetembea kuelekea uwanja wa ndege bila mzigo wala safari alikuwa anajitafutia kifo. Amuri akawa anazunguka uani kwake, alfajiri hadi jua kuchomoza, majirani wakichungulia na kutikisa vichwa.

Siku moja karibu na saa sita mchana, afisa mmoja wa waasi akaja kuchukua koti alilokuwa ameagiza ashonewe. Alijiita Luteni Wenceslas, kijana wa mtoni, wa upande wa Isangi, na nyuma yake alikuwa na mtu mwenye bunduki, aliyebaki amesimama mlangoni. Mgeni haondoki nyumba ile bila kula, awe rafiki au awe shetani. Sikujua akapika wali na samaki kwa mosaka. Halafu akafanya lile alilolifanya kila siku: sinia akaliweka mbele ya mgeni, na bakuli la bati mbele ya mumewe.

Luteni alikwisha kunyoosha mkono. Akaurudisha.

"Papa," akasema polepole, "sinia iko ya miye, na weye unakula mu chombo yako. Juu ya nini?"

Amuri akaelewa. Siku zote hizo ndugu walikuwa wamemwona mwenye majivuno tu. Huyu aliona sumu.

"Ni mazoea, mon lieutenant. Niko napunguza mwili."

Luteni akamkagua toka shingo hadi magoti. "Kupunguza nini? Weye uko mifupa. Wiki ilipita mwenzangu alikula kwa mutu, ku Mangobo. Tulimuzika kesho yake."

Mtu wa mlangoni akageuza bunduki, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha.

"Sikujua!" Amuri akaita. "Leta ile suruali yangu ya zamani!"

Ikaletwa. Luteni akaikunjua, akaishika kiunoni kwa mikono miwili iliyotanuka. Watu wawili wangeingia mle. Amuri akapumua kidogo, akidhani ameokoka.

"Ah bon," akasema Luteni. "Tumbo hii yote! Batu yetu banalala njaa, weye unavimba hivi. Ulikula na nani? Na bale bakubwa ba Léopoldville?"

Maskini Amuri. Alikuwa mtia sumu tu, sasa akawa mtia sumu na mnyonyaji.

"Alors, kula." Luteni akasukuma sinia kwa mguu. "Yote. Mama akae hapa, tuone mwenye atakufwa."

Sikujua akaketi, mkono mdomoni. Amuri akanawa, akasema bismillahi, akatia tonge. Halikuwa na ladha. Hofu ilikuwa imemjaa kinywa, akameza kama anameza mchanga. La pili vilevile. Alisikia bunduki ikimtazama utosini, akawaza watoto, akawaza Juma.

Tonge la tatu likawa na chumvi. La nne likawa na mosaka, mafuta yakateleza kooni, na kitu ndani yake, kilicholala tangu mwaka wa uhuru, kikafumbua macho. Mkono ukaongeza mwendo. Akavunja samaki, akafyonza kichwa, akakusanya wali kwa kiganja kizima. Katikati ya sinia aligundua kwamba ameisahau bunduki.

"Inatosha, papa," akasema Luteni.

Mkono ukarudi siniani.

"Minasema inatosha."

Ukarudi tena. Sikujua akamshika kifundo cha mkono, akamwita kwa jina la binti yao. "Papa Asha! Wamesema inatosha!" Amuri alimsikia vizuri. Akatia tonge jingine kwa mkono wa pili, wa kushoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto.

Luteni akaangua kicheko hadi machozi. Hata yule wa mlangoni akacheka, bunduki ikashuka. "Mwenye aliweka sumu hawezi kula hivi! Acha, utamaliza na sinia!" Akalivuta upande wake, akala yaliyobaki kwa hamu, akajaribu koti, likamkaa sawasawa. Mlangoni akageuka, uso mkunjufu.

"Chakula ya hapa iko muzuri, na haina mashaka. Kila siku saa sita nitakuya. Utakula kwanza, miye nafuata. Sinia moja."

Walipoondoka Sikujua alianguka magoti akamshukuru Mungu kwa sauti. Alipoinua kichwa akamwona mumewe anaramba vidole, mashavu yamelowa.

"Unalia nini? Tumepona!"

"Nilipofika katikati ya sinia sikuogopa tena," Amuri akasema. "Nilikuwa naomba tu asiniambie niache."

Sikujua akaokota bakuli la bati, akalishika kifuani.

"Na kesho atakuya," Amuri akasema, na furaha aliyoisikia katika sauti yake mwenyewe ikamtisha kuliko bunduki.