Vifungo katika Zabibu za Juu

Wanawake walikuwa mezani wakichambua zabibu nyeusi za mteremko wa juu, wakitoa majani na tunda bovu, mke wa mpogoaji wa mizabibu alipoonja moja akauma kifungo cha shati. Akakitema kiganjani. Kilikuwa cha kahawia, uzi wa bluu bado umo.

"Wifi, hebu ona."

Dada wa mumewe alikigeuzageuza. "Cha kaka. Huu uzi nilishonea mimi."

Wakaendelea kuchambua. Kufikia mchana vilikuwa vingi, pamoja na meno ya zipu.

Mpogoaji alitoweka wakati wa baridi, alipotumwa peke yake kukata matawi huko juu. Msimamizi wa shamba alisema kapata mwanamke, kavuka mlima. Kabla ya hapo mpogoaji na msimamizi walikuwa wamegombana juu ya chemchemi, ambayo kampuni ya mvinyo iliigeuza ikaacha kushuka bondeni kwenye mashamba ya wanakijiji.

Zabibu nyeupe za bondeni, kunakochoma jua, hazikuwa na kitu. Za katikati, kwenye udongo wa chokaa, nazo hazikuwa na kitu. Ni za juu tu, penye kokoto na upepo wa mlima, na ni safu moja tu, ile iliyo kando ya ukuta wa shamba.

"Ni hali ya hewa," alisema msimamizi. "Mvua ikichelewa, mzabibu huokota chochote ardhini."

"Mbona wewe za juu huzionji?" aliuliza mke wa mpogoaji.

"Zinanipa kiungulia."

"Basi tuchimbe pale."

"Mizizi haiguswi wakati wa mavuno, mama."

Wifi mtu akaenda kumwita askari. Askari alikula kishada kizima, akatoa mdomoni bizimu ya mkanda, akaipangusa. Alisema mtu aliyehama ana hiari ya kuacha nguo zake popote. Kisha akapanda gari la msimamizi, wakaondoka pamoja wakizungumza kwa sauti ya chini.

Kampuni ilinunua chekecheke la kutenga vifungo. Mvinyo wa safu ile ulisifiwa sana, eti una ladha ya chuma kwa mbali, na msimamizi akapandishwa cheo. Chemchemi haikurudishwa, na wala safu haikuchimbwa, si wakati wa mavuno wala baada yake.

Mke wa mpogoaji bado yuko mezani. Kila zabibu ya juu anaiuma polepole, kwa meno ya mbele. Pete ya ndoa ya mumewe haijatoka.