Neno Ambalo Mwalimu Abeli Alilisikia

Kwa miaka mingi, mgeni yeyote aliyefika Chake Chake bila kujua Kiswahili alizungumza na watu kupitia kwa Mwalimu Abeli. Madaktari wa macho, wachimba visima, mabalozi waliokuja kutazama karafuu, wote walisimama naye ubavuni, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, akigeuza Kiingereza chao kuwa Kiswahili na Kiswahili cha watu kuwa Kiingereza. Yeye kwao ni Bukoba. Alikuja Pemba kijana kusomesha sekondari, akamleta mkewe Conchesta, wakapata nyumba Madungu, akapanda migomba nyuma ya ukuta, na hapo wakazeekea. Wanafunzi wake walijaa maofisini, lakini kilichompa jina si darasa. Ni kule kusimama katikati ya wakubwa. Hakuwahi kuiomba kazi hiyo. Aliitwa tu, na kuitwa kulimtosha.

Mwaka mmoja Tanzania na Indonesia zilikubaliana kukuza biashara baina yao. Waindonesia walinunua karafuu za Pemba tangu zamani, za kutia kwenye sigara zao. Safari hii walitaka na mwani. Kwao mwani hulimwa pwani nyingi, na mabingwa wao walikuwa tayari kuwafundisha akinamama wa Vitongoji kuulima kwenye maji ya kina, kisha wawajengee banda la kukaushia, ili nao wauziwe mwani mkavu usio na mchanga.

Abeli aliposikia habari hizo alianza kujitayarisha kabla hajaambiwa. Alisoma mambo ya mwani kwenye simu, akakariri kwa Kiingereza majina ya vitu ambavyo hajawahi kuvigusa. Akampa Conchesta koti alipige pasi. Ugeni ulipokaribia akampigia afisa wa wilaya kuuliza gari litampitia saa ngapi.

"Mwalimu, karibu sana uje kama mgeni wetu," afisa alimwambia. "Lakini kutafsiri, safari hii tumepata mtu. Anazungumza lugha yao wenyewe. Kiingereza hakitahitajika."

"Mtu gani huyo?"

"Binti wa hapo hapo Vitongoji, Mwanawema. Nadhani ulimsomesha."

Alimsomesha kweli. Alimkumbuka kwenye dawati la mbele, mtoto mwembamba anayerudia kila neno chini ya pumzi mpaka limkae mdomoni. Yeye ndiye aliyemhimiza aombe nafasi ya masomo Indonesia, na ndiye aliyemfundisha namna ya kujibu maswali ya usaili. Muda wote binti alipokuwa huko, Abeli alimtaja kwa majivuno mbele ya walimu wenzake. Sasa, simu ingali mkononi, alihisi kitu kikimpanda kifuani, kikali kama kiungulia.

"Wanasemaje?" Conchesta aliuliza. Pasi ilikuwa juu ya koti.

"Wana mtu wao."

"Basi utapumzika."

"Sikuomba kupumzika," alisema, akatoka kwenda kutazama migomba ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa.

Alikwenda, hata hivyo, na koti alilivaa. Pale Vitongoji pwani lilitandwa turubai, na kiti chake kilikuwa mstari wa pili, nyuma ya karani fulani mwenye mabega mapana. Wageni waliposhuka kwenye magari, Mwanawema alikuwa miongoni mwao, amevaa baibui na mtandio wa kijani. Alipomwona Abeli aliwaacha wakubwa wote akaja moja kwa moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekua."

Mwanawema akageuka, akasema maneno kadhaa kwa mkuu wa msafara, mtu mfupi mwenye shati la maua aliyeitwa Bwana Hendra. Bwana Hendra akaja, akaushika mkono wa Abeli kwa mikono yake miwili, akainama.

"Nimemwambia wewe ndiye uliyenifungulia njia," Mwanawema alisema.

Abeli alitabasamu. Angependa zaidi asionekane kabisa. Kushukuriwa mbele za watu na aliyesimama mahali pako kulimuuma kuliko kusahauliwa.

Mkutano ukaanza. Bwana Hendra alisema, Mwanawema akatafsiri, na hakutafsiri kwa Kiswahili cha skuli. Alisema Kipemba, kile kile wanachosemeshana watu wa Vitongoji wakitoka kufunga mwani kwenye kamba. Akinamama waliokaa mikekani walicheka. Wakauliza, wakabisha, mmoja akasimama akamwigizia mgeni jinsi kamba zinavyokatika bahari ikichafuka, na Bwana Hendra naye akacheka kabla hata hajatafsiriwa. Abeli alitazama yote hayo. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kucheka kwenye tafsiri yake. Watu walinyamaza na kutikisa vichwa, naye alidhani ile ni heshima.

Akaanza kumtafutia kosa. Lugha ya wageni hakuijua hata kidogo, lakini aliitegea sikio, na akashangaa kukuta humo maneno yaliyofanana na ya Kiswahili. Walisema dunia kama sisi. Wakati waliuita waktu, habari wakaiita kabar. Ni Waarabu waliowagawia kama walivyotugawia sisi. Kila alipolitambua neno alilishika na kusubiri kuona Mwanawema atalifanya nini.

Bwana Hendra alinyoosha mkono kuonyesha sehemu ya pwani litakapojengwa banda. Akasema sentensi fupi, na ndani yake kulikuwa na neno milik.

Abeli alikaa wima. Milik. Kumiliki.

"Anasema pwani hii itabaki yenu wenyewe," Mwanawema aliwaambia akinamama, "na banda nalo lenu."

Kumiliki hakukuwamo.

Baada ya mkutano watu walipewa chai. Bi Tatu, mwenyekiti wa kikundi cha akinamama wa mwani, alikuja na kikombe chake akasimama karibu na Abeli.

"Mwalimu, wewe ndiye mtu wa lugha. Umeyaonaje?"

Angeweza kusema ameyaona mazuri, na mambo yangeishia hapo.

"Mtoto anajitahidi," alijibu. Kisha akateremsha sauti. "Ila kuna neno mgeni amelisema pale alipoonyesha pwani, na yeye hakulitoa. Amesema milik. Kumiliki. Sijui kwa nini ameliacha."

"Nani atamiliki nini?"

"Mimi sikusema kitu, Bi Tatu. Nimesema nimelisikia neno."

Bi Tatu hakuimaliza chai yake. Na Abeli, wakati akirudi Madungu, alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya afisa.

Neno lilienea upesi. Kwanza ilisemwa kuna jambo limefichwa. Halafu ikasemwa pwani imeuzwa. Haikuchukua muda ikawa Mwanawema ameahidiwa nyumba huko Indonesia, na wengine wakamwozesha kabisa kwa mmoja wa wale wageni. Akinamama walisema hawatatia dole gumba kwenye mkataba wowote. Mzee Khatib, sheha wa hapo, akamwomba afisa wa wilaya awazuie wageni wasirudi kwanza. Bwana Hendra alisikitika, akasema hatamlazimisha mtu. Kulikuwa na kijiji kingine upande wa kaskazini, huko karibu na Konde, ambacho nacho kilikuwa kikiliomba banda.

Conchesta aliyapata hayo dukani kwake Chake, alikokuwa akiuza vitambaa, maana wateja wake wengine walitoka Vitongoji. Alirudi nyumbani akamkuta mumewe anasahihisha madaftari.

"Baba Angelina, wanasema limeanzia kwako."

"Nilisema nilichokisikia."

"Tangu lini unajua Kiindonesia?"

"Neno linafanana na letu. Mtu mzima halisikii?"

Conchesta alivua viatu, akakaa. "Angekuwa mtu mwingine ndiye aliyetafsiri, mtu usiyemjua, ungelisema?"

Abeli aliendelea kuweka alama nyekundu.

Jumamosi alasiri Mwanawema mwenyewe alipiga hodi. Macho yalikuwa yamemvimba. Abeli aliposikia sauti yake alidhani amekuja kumlaumu, na kwa dakika hizo chache za kutafuta kandambili alijipangia maneno ya kujikinga. Hakuyahitaji. Binti hakujua.

"Mwalimu, watu wananipita bila salamu," alisema alipokwisha kuketi. "Mama hatoki nje. Wanasema nimeficha neno, milik. Wala sijui aliyelianzisha nani."

"Na lina maana gani?" Abeli aliuliza, akatazama sakafu.

"Mali. Bwana Hendra alisema 'tetap milik warga.' Yaani inabaki mali ya wanakijiji. Sasa mimi ningewaambia inaendelea kumilikiwa na wananchi? Bi Tatu angesinzia. Nikasema itabaki yenu."

Abeli alijua mara moja kwamba ni kweli. Alijua pia kwamba yeye angesema hivyo hivyo, inaendelea kumilikiwa na wananchi, na akinamama wangenyamaza na kutikisa vichwa. Badala ya kuona haya, kilichomjia kwanza ni kile kiungulia. Huyu mtoto, hata akilia, bado anamfundisha.

"Jumatatu Mzee Khatib ameitisha kikao pale skuli," Mwanawema aliendelea. "Nakuomba uje. Ukisema wewe kwamba nilitafsiri sawa, wataamini. Mimi wananiona mtoto. Wewe wanakuamini."

Conchesta alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka mezani polepole, akamtazama mumewe, akaingia ndani.

"Nitakuja," Abeli alisema.

Aliipanga sentensi yake siku nzima ya Jumapili, hata kanisani. Angesimama aseme amelichunguza jambo lile kwa makini, na ameridhika kwamba tafsiri ilikuwa sahihi. Kwa njia hiyo binti angeokoka na yeye angebaki mwamuzi. Kadiri alivyoirudia ndivyo ilivyompendeza. Aliona Mwanawema atatoka pale ameokolewa na mwalimu wake, na kila mtu atajua kwamba neno la mwisho juu ya lugha bado liko kwake.

Darasa lilijaa. Mzee Khatib alifungua kikao kwa dua, akampa nafasi. Abeli alisimama, akaisema sentensi yake kama alivyoipanga. Minong'ono ikapita, nyuso zikaanza kulegea. Mwanawema, aliyekaa kando ya ubao, alivuta pumzi.

Bi Tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Siku ile pwani uliniambia neno halikutoka. Leo unasema lilitoka. Lugha yao umeijua lini?"

Mwanawema aligeuza shingo. Alimtazama Abeli, kisha Bi Tatu, kisha Abeli tena, na Abeli akaona jinsi alivyoelewa, kidogo kidogo, mpaka mwisho.

"Siijui," Abeli alisema. "Sikuijua siku ile, wala leo siijui. Maana ya neno lile amenieleza yeye mwenyewe juzi, nyumbani kwangu."

"Basi ulisema kwa nini?" Mzee Khatib aliuliza. Hakukuwa na ukali katika sauti yake.

Abeli aliitafuta sentensi nyingine, iliyo ndefu, yenye mahali pa kujifichia. Kiswahili chote alichokijua hakikumpa.

"Nilimwonea wivu."

Alisema kwa sauti ndogo, wa nyuma hawakusikia, wakauliza amesema nini. Bi Tatu akageuka akawatafsiria.

"Anasema alimwonea wivu."

Hakuna aliyemcheka. Mzee Khatib alimwambia akae, akamwomba Mwanawema aeleze tena maneno yote ya mgeni tangu mwanzo. Mwanawema alieleza. Walipotoka, akinamama walikuwa wamekwisha kukubali, na Bi Tatu alikuwa akimhimiza afisa ampigie Bwana Hendra kabla hajaelekea kaskazini.

Nje, Mwanawema alimsubiri Abeli penye kivuli cha ukuta.

"Ungeniambia tu, Mwalimu," alisema. "Ningekuachia nafasi."

"Najua."

Na alijua kweli. Angemwachia, kwa adabu na bila kinyongo, na hilo Abeli hakuweza kulivumilia hata wakati ule, aibu yote ile ikiwa mabegani mwake. Alitaka kumwomba radhi. Alipolipata neno, binti alikuwa ameshaondoka na akinamama.

Alimwomba baadaye, mbele ya mama yake, Conchesta akiwa amemsindikiza. Mwanawema alisema amesamehe. Lakini hakurudi tena Madungu. Walipokutana mjini alimwamkia vizuri, shikamoo Mwalimu, kutoka ng'ambo ya barabara.

Banda likajengwa. Wageni wengine walipokuja Chake, hao waliozungumza Kiingereza, ofisi ya wilaya ilimwita kijana fulani wa utalii. Abeli aliendelea kusomesha.

Upepo wa kusi ulipoingia, nchi mbili zile zilitiliana saini mkataba mkubwa zaidi Dar es Salaam, wa mwani na karafuu pamoja. Mwanawema alikuwa ameajiriwa huko kwenye ubalozi wa Indonesia. Taarifa ya habari ilirusha hotuba ya balozi, na chini ya sauti ya balozi ikaja sauti ya kike, tulivu, ikitafsiri. Conchesta alikuwa anamenya ndizi. Alinyoosha mkono kwenye redio.

"Nizime?"

"Iache."

Abeli aliweka kalamu chini akasikiliza. Kiungulia kilikuja kama kawaida yake. Mahali fulani katikati ya hotuba Mwanawema alisema "tunategemeana," na Abeli akafungua mdomo kusema kwamba neno bora hapo lingekuwa jingine. Alilitafuta. Alilitafuta mpaka balozi akamaliza na watu wakapiga makofi, na hakuona lililo bora kuliko lile.