Matofali Mawili ya Mwisho

Malale aliujua mwili wa binadamu vizuri kuliko mtu yeyote pale mtaani Ilembo, Mpanda, ila mwili aliopewa kuufundisha mwaka huu hakuruhusiwa kuugusa hata kwa kidole. Ulikuwa wa mama mkwe wake.

Bi Nyanzala aliteleza kisimani kule kijijini Kabungu, akavunjika nyonga ya kulia, akawekewa chuma. Baada ya hapo alilala kitandani muda mrefu mpaka misuli ya mapaja ikasinyaa. Mwanawe Aloyce akamleta Mpanda mjini kwa Malale, awe karibu na kliniki.

"Shemeji, si ndiyo kazi yako hiyo?" Aloyce alisema. "Mfundishe mama. Siku akiweza kunyanyuka chini mwenyewe, nakuja kumchukua."

Kule Kabungu kila kitu kiko chini: mafiga, choo, mkeka, karanga za kubangua. Mama asiyeweza kunyanyuka hawezi kuachwa peke yake nyumbani wenzake wakienda shamba.

Kweli ilikuwa kazi yake. Malale alikuwa na cheti cha kufundisha mazoezi alichokisomea Mwanza, na asubuhi na jioni alifundisha kwenye jimu moja karibu na stendi. Vijana wa pale walitaka kifua na mikono tu. Siku ya miguu ikifika, huyu anaumwa tumbo, yule kapigiwa simu na mjomba, na matokeo yake mji ukajaa wanaume wenye mabega ya fahali juu ya miguu ya kuku. Kwa hiyo alipompata mtu mwenye shida ya miguu, na anayetaka kweli kuifanyia kazi, alifurahi. Balaa lilikuwa kwenye kugusa. Kwao Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Utamwelekezaje mtu goti lake likiwa limepinda vibaya, wakati hata kumwangalia goti ni utovu wa adabu?

Wakamtafuta Wema, msusi aliyepanga chumba cha uani. Kila asubuhi saa nne, kabla hajaenda saluni, Wema alikuwa mikono ya Malale. Malale alisimama mbali, ubavu ubavu, akisema na ukuta, na mama mkwe akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Wema, mwambie mayu asimame kwa kukaza ule msuli wa nyuma. Ule mkubwa kuliko yote mwilini."

"Upi, kaka? Wa mgongo?"

"Chini ya hapo."

"Wa paja?"

"Juu ya hapo kidogo."

"Aah, makalio! Si useme!" Wema akapasuka kicheko, na mama mkwe akajifunika uso kwa khanga. Malale aliutazama ukuta kana kwamba kuna maandishi.

Alipanga matofali ya kuchoma, sita kwenda juu, akaweka blanketi juu yake. Mama alikaa hapo na kusimama mara nane, akapumzika, akarudia, seti tatu. Kila wiki Malale aliondoa tofali moja, kiti kikashuka, na mapaja yakalazimika kufanya kazi zaidi ya jana. Hilo ndilo somo la kwanza alilowapa wanafunzi wake wote: mwili hufanya kinachodaiwa na basi. Ukiupa kazi ileile kila siku, utabaki palepale. Ukiuongezea kidogo kidogo, utajenga.

Sita yakawa matano, matano yakawa manne. Mama akaacha fimbo ya kutembelea, akaanza kwenda chooni bila kuitwa mtu.

Na nyumba nayo ikabadilika. Minza, mke wa Malale, alifariki miaka mitatu iliyopita kwa homa ya siku nne tu, kabla hawajapata mtoto. Tangu hapo Malale aliishi na redio. Aliiwasha akiamka, akaizima akilala, si kwamba anasikiliza taarifa ya habari, bali apate sauti ya mtu ndani. Jimu nzima hakuna aliyemfahamu Minza. Jina lenyewe lilikuwa limepita miezi bila kutamkwa na mtu mwingine, na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza yeyote.

Sasa mchana alikula barazani, mama akala ndani nyuma ya pazia, kila mmoja na sahani yake, na mazungumzo yakapita kwenye kitambaa. Mama alisimulia Minza alivyokuwa mdogo: alivyomfuata ndama mpaka akapotea, alivyokataa kunyolewa, alivyopigana na kaka yake Aloyce kwa sababu ya kiazi. Malale alicheka peke yake barazani hadi wapita njia wakamshangaa. Kuna siku alisahau kuwasha redio kutwa nzima.

Yalipobaki matofali mawili, akasita.

"Wiki hii tutulie hapa kwanza," alimwambia Wema. "Nyonga isije ikashtuka."

Wiki iliyofuata akasema hivyohivyo. Ya tatu akasema hali ya hewa ina baridi, viungo vinakaza. Ilikuwa Agosti, jua linachoma mpaka mbuzi wanatafuta kivuli. Wema alimtazama, akaenda zake saluni. Malale alijua fika anachofanya. Angemkuta mwalimu mwenzake anampiga mteja danadana namna ile, angemsema mbele za watu. Lakini kila alipoinama kutoa tofali aliona akilini mkeka umekunjwa, pazia limetolewa, redio inaongea peke yake, na mkono ukarudi.

Wiki ya sita ya kusitasita huko, Aloyce akapiga simu. "Karanga zimejaa uani, shemeji. Vipi mama, ananyanyuka chini?"

Malale alikuwa amesimama barazani. Pazia lilikuwa hatua tatu kutoka pale.

"Bado," akajibu.

Ndani ya nyumba kijiko kiliacha kugonga sahani.

Kesho yake alirudi kutoka jimu saa nne kasoro. Wema alikuwa ametoka mapema, ana bibi harusi wa kusuka. Uani matofali yote mawili yalikuwa yamesukumwa ukutani, na mama mkwe wake ameketi chini kwenye udongo mtupu, miguu ameinyoosha mbele, jasho linamtiririka. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alikuwa amejaribu na kujaribu.

Malale akatupa begi, akakimbia, mikono mbele.

"Usiniguse!" Mama aliinua kiganja. "Baba, simama hapohapo."

Akasimama. Mara ya kwanza tangu amwoe Minza, walitazamana usoni. Macho ya mama yalikuwa yaleyale ya binti yake, na Malale akatamani ardhi ipasuke.

"Niambie," mama akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Hapakuwa na Wema.

"Geukia upande wa kushoto, mayu. Weka viganja vyote chini. Taratibu. Sasa piga magoti, kama unadeki." Mama akageuka, akaguna, akafika. "Huo mguu mzima, wa kushoto, ulete mbele. Unyayo wote ukanyage. Mikono juu ya goti. Pumua. Sukuma ardhi."

Akanyanyuka nusu, akarudi chini kwa kishindo. Malale aliuma midomo. Jaribio la pili paja likamtetemeka, akarudi tena.

"Unavuta na mgongo, mayu. Mgongo hauna nguvu hiyo. Kaza makalio. Kaza makalio, mayu, usiyaachie!"

Hakuna aliyecheka. Mama akakaza, akasukuma, na safari hii goti likanyooka, nyonga ikafuata, akasimama wima katikati ya ua, anahema, hajashika chochote. Akasubiri pumzi irudi.

"Kwa hiyo naweza."

"Unaweza."

"Tangu lini?"

Malale aliinamisha kichwa. "Ningetoa yale matofali wiki ile ya kwanza niliposita, mayu, ungekuwa umeweza zamani."

"Na Aloyce ukamwambia bado."

"Nilimwambia." Aliyatazama matofali pale ukutani. "Niliogopa utaondoka. Ukiondoka hakuna mtu humu atakayemtaja Minza."

Mama alijikung'uta udongo polepole, nyuma na mbele, kama mtu aliye kwake. Hakuwa na hasira, na hilo likawa baya zaidi.

"Ungeniambia tu, baba. Ungesema, mayu, kaa na mimi, niko mpweke. Ningekaa. Huko Kabungu karanga zingebanguliwa na wengine." Akafunga khanga upya. "Sasa nitakaaje kwa mtu anayetaka nisisimame? Nampigia Aloyce."

Malale alitafuta neno la kumzuia, akaona kila neno alilokuwa nalo lilipaswa kusemwa wiki sita nyuma.

Aloyce alikuja siku iliyofuata na pikapu ya kukodi. Mkeka ukapakiwa, ndoo, blanketi. Malale akabeba mzigo wa mwisho, kisha akasogea mbali kama adabu inavyotaka, akasimama kwenye mlango wa uzio. Wakaagana bila kupeana mikono.

Aloyce akamnyooshea mama yake mkono amvute ndani ya gari. Mama akausukuma. Akaweka mguu kwenye kikanyagio, akainamisha kifua mbele kidogo, akasukuma. Goti halikupinda kwa ndani. Mgongo ulinyooka. Alipanda kwa mara moja, bila kuyumba, akaketi na kuvuta mlango.

Pikapu ikashika njia ya Kabungu. Malale alibaki pale mlangoni mpaka vumbi likatua. Ilikuwa kazi safi, safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuwa na mtu wa kumwambia.