Dole la Mama

Jirani yao, yule wanayemwita Redio, anasema mama aliiuza nyumba akiwa amejilaza kibarazani, kwa dole moja tu. "Shemeji yake kamuuliza kwa simu, naye kabonyeza dole: sawa! Sasa analia nini?" Anayasema hayo bombani, ndoo imeshafurika na mdomo haujafunga.

Binti alisaga meno. Dole lile alimfundisha mama yeye mwenyewe. Mama hajui kusoma, na binti hushinda sokoni kwenye cherehani. Basi mwaka juzi, baba akiwa hai, alimwambia, "Mama, ukiona maandishi, bonyeza hii picha ya dole, wajue umepata ujumbe. Jioni nitakusomea."

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, baba mdogo akaandika: "Shemeji, unakubali niiuze nyumba ya marehemu kaka?" Dole. Jioni binti aliposoma, mama aliangusha kikombe. Wakampigia.

"Dole si umeshaweka?" akajibu, akakata. Adhuhuri ya siku ileile alikuwa ameshaandikiana mkataba na mnunuzi.

Leo mahakamani, wakili wa baba mdogo anapeperusha karatasi yenye picha ya ujumbe ule. "Mheshimiwa, dole juu ni ndiyo dunia nzima. Hata mtoto wa chekechea anajua!"

Baba mdogo anatikisa kichwa kwa huzuni, utadhani mfiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama ameficha gumba lake ndani ya ngumi.

Binti akasimama.

"Dada, hujaitwa. Kaa," karani akasema.

"Nimekaa vya kutosha! Mheshimiwa, wamekuletea kipande. Simu nzima hii hapa. Tangazo la kukatiwa maji: dole. Mtu kakosea namba, anauliza bei ya mbuzi: dole. Na huu, aliuandika huyuhuyu: 'Shemeji, kaka amefariki hapa hospitali.'" Akamgeukia aliyeuandika. "Dole! Baba mdogo, siku ile ulidhani mama amefurahi? Mbona hukumuuliza? Ulijua hasomi. Ulijua tangu siku hiyo!"

Baba mdogo akainama, akawa anahesabu matundu ya viatu vyake.

Binti akainyoosha simu mbele, juu ya meza ya karani.

"Naomba uusome wote, mheshimiwa, ujumbe kwa ujumbe. Kuanzia wa kwanza."

Hakimu akavua miwani. Akamtazama wakili, akaitazama saa ya ukutani. Mkono wa binti ulikuwa bado hewani, simu inawaka.