Baba Mdogo Burito Afa Mara ya Tatu

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli tupu. Mashahidi wangu ni magoti haya, yanavyolia nikitembea hadi viboko wa ziwani Makoko huitikia.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Niliifungua moja kule Bunda, nikaikazia macho mpaka ikakiri yote. Sasa nimestaafu, na kila Jumamosi natoka Butiama alfajiri kwenda Musoma kufundisha watoto ishirini na wawili kuandika programu, bure. Ufunguo wa kabati la kompyuta ninao mimi. Nisipokwenda, hakuna darasa. Nami nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nilitaka Jumamosi moja tu ya kulala.

"Wiki ijayo sipo," nikawaambia. "Nimefiwa na baba yangu mdogo, Burito."

"Pole, babu!"

Wegesa, binti wa miaka kumi na moja, alikuwa anabonyeza tu. Zoezi nililowapa lilikuwa programu ya kutunza majina. Jina likiingia mara mbili, ipige kelele. Yeye yake aliifanya daftari la misiba, ili tusisahau kumpa pole mtu.

Kompyuta ikalia kama mbuzi.

"Babu, inamkataa marehemu. Inasema alishakufa Februari. Na Mei."

"Programu yako ina kosa. Rudia."

Akarudia. Mbuzi akalia tena.

"Walikuwa mapacha," nikasema.

"Watatu?" akadakia Matiko, mwanafunzi wa kiti cha jirani. "Wote Burito?"

"Ukoo wetu tunalipendaga hilo jina."

Hawakucheka. Wegesa akageuza kiti.

"Babu, unga na dagaa tuliokuchangia Februari, na Mei tena, aliula nani?"

Nilitafuta uongo mwingine. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

"Mimi."

Wakanihukumu palepale: nirudishe unga wote, dagaa wote, na marehemu mwenyewe.

Jumamosi niliyoitaka kwa kulala ikanikuta nyuma ya darasa, moshi machoni, nasonga ugali wa watu ishirini na wanne. Baba mdogo Burito alikaa kivulini, sahani ya pili mapajani.

"Shikamoo, marehemu," Wegesa akamsalimia.

"Marahaba, mjukuu. Huyu ameniua mara ngapi?"

"Tatu."

Akanisogezea sahani. "Basi niongezee ya tatu."

Nikapakua.